Darubini ya Jua kwa watoto wa kutwa

Darubini yetu ya Jua ina lenzi yenye kipenyo cha milimita 50 tu. Wageni wanaofika Jumamosi kwenye uwanja wa shule yetu hapa Tanga, wakishaizunguka na kuigusagusa, huniuliza kwa upole kwa nini fedha za michango, zilizokusanywa kwa wazazi na kwa waliomaliza zamani, ziliishia kwenye kifaa kidogo hivi, tena kisichoweza kuonyesha Mwezi wala Zohali wala kitu kingine chochote isipokuwa Jua. Ni swali la haki. Walimu wenzangu wa Mombasa na wa bara nao wameanza kuliuliza kwa sababu ya kupatwa kwa Jua kwa tarehe 2 Agosti 2027, wakitaka kujua wanunue nini. Jibu langu ni refu kidogo, maana lilinichukua muda kulifikia.

Wanafunzi wangu ni wa kutwa. Saa kumi jioni wako barabarani wakigombania daladala, na Jua bado liko juu. Tuliwahi kupewa darubini ya kawaida ya milimita 70 na mfadhili mmoja, na kwa muda mrefu ilikaa kabatini kwa sababu anga la usiku halikuwa letu. Mzazi gani atakubali binti yake wa kidato cha pili arudi Pongwe saa tatu usiku kwa kuwa mwalimu wa fizikia alitaka kumwonyesha Mshtarii? Mimi mwenyewe ni mama, nisingekubali. Basi nikaanza kulifikiria Jua. Hii ni nyota, iko karibu nasi kuliko nyota zote, na iko angani wakati watoto wako shuleni. Kila tunachokisoma darasani kuhusu nyota, joto lake, gesi yake, mzunguko wake, usumaku wake, kiko pale juu tangu kengele ya kwanza.

Ndani ya boksi la darubini ile ya msaada kulikuwa na kioo kidogo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, pamoja na maelezo kwamba ukishakifunga unaweza kutazama Jua. Kioo hicho nilikivunja kwa nyundo mbele ya darasa. Lenzi ya milimita 70 hukusanya mwanga zaidi ya mara elfu moja ya ule unaopita kwenye mboni ya jicho iliyosinyaa juani, na mwanga wote huo, pamoja na joto lake, huishia kwenye kioo kile kilichoko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho. Kikipata moto hupasuka, na hupasuka ghafla. Retina haihisi maumivu. Mtu anaweza kuungua jicho bila kushtuka, akaja kugundua saa kadhaa baadaye kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa kwa nini wanakiuza?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimwambia kwamba kichujio cha Jua hukaa mbele ya darubini, kabla mwanga haujaingia, au huwa kimejengwa ndani ya darubini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo.

Hatua yetu ya kwanza ikawa ya bei nafuu: karatasi ya kichujio ya AstroSolar, inayotengenezwa na Baader Planetarium ya Ujerumani. Inafanana na karatasi ya fedha ya kufungia zawadi, nyembamba sana, na ile ya kutazamia kwa macho hupitisha sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga. Mdogo wangu anayeishi huko aliniletea moja yenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia barua. Tulitengeneza kofia ya kadi ya manila inayobana mdomo wa darubini, tukaigandisha karatasi ile bila kuivuta, maana mikunjo haidhuru lakini mvutano huharibu picha. Kila kabla ya kuitumia tunaimulika kwa taa kutafuta matundu. Kile kidarubini cha pembeni cha kulengea tulikiondoa kabisa, kwa sababu nacho ni darubini, na nywele au jicho linaweza kupita mbele yake bila mtu kufikiri.

Kwa kofia ile tuliyaona madoa ya Jua, na nayapenda mpaka leo. Ni meusi kwa kulinganishwa tu. Uso wa Jua una nyuzi joto 5,500 hivi za Selsiasi, na katikati ya doa joto hushuka kuelekea 3,500, hivyo mwanga wa penye doa ni hafifu kuliko wa pembeni. Watoto walichora duara daftarini na kuweka alama ya kila doa, asubuhi kwa asubuhi, hadi wakaona kwa mikono yao kwamba Jua linajizungusha, na kwamba kwa sisi tunaolitazama kutoka duniani doa huchukua takriban siku 27 kurudi mahali pake kama halijafa njiani. Mei 2024, wiki iliyofuata kimbunga Hidaya, mawingu ya masika yalipasuka kidogo na tukaliona kundi la madoa lililopewa namba AR3664, lenye upana wa karibu mara 15 ya Dunia. Lilionekana hata kwa miwani ya kupatwa, bila darubini. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 dhoruba yake ya sumaku ilifika duniani na mianga ya ncha, ile mianga ya rangi inayowaka angani usiku karibu na ncha za Dunia, ikaonekana kwenye nchi ambazo hazijaizoea. Asubuhi yake watoto walijua chanzo chake ni kitu gani, kwa kuwa walikuwa wamekichora.

Kilichonifanya nitafute darubini maalumu ni mkono wa mtoto wa miaka minne. Siku ya wazazi, darubini ikiwa imeelekezwa juani na foleni imejipanga, mtoto wa mgeni mmoja alisogea mbele, akaona kile kifuniko kinachong'aa, akakishika na kukivuta kwa nguvu zake zote. Hakikutoka, kwa sababu nilikuwa nimekizungushia utepe wa gundi pande zote. Lakini nilisimama pale nikamtazama yule msichana aliyekuwa ameinama kwenye lenzi ya jicho wakati huo huo. Utepe ndio uliokuwa umesimama kati yake na upofu. Upepo wa bahari nao hapa kwetu si wa mchezo ikifika saa tano. Kwa mtu mzima anayetazama peke yake, karatasi ile inatosha na inazidi, ningemshauri aanzie hapo bila wasiwasi. Kwa uwanja wenye watoto mia moja wanaosukumana, nilitaka usalama usiotegemea kumbukumbu ya mtu wala utepe wa mtu.

Kwa hiyo kila chaguo nililolisoma baada ya hapo nililipima kwa swali hilo. Kuna kifaa kinachoitwa kabari ya Herschel, kipande cha kioo chenye umbo la kabari kinachokaa nyuma ya darubini ya lenzi, kikiakisi asilimia 5 hivi tu ya mwanga kuelekea kwenye vichujio vingine vilivyo kabla ya jicho na kuutupa uliobaki kando. Picha yake ya madoa ni kali kuliko ya karatasi, watazamaji wengi wa Jua huisifu, nami nawaamini. Lakini kabari hutoka. Ukiitoa, ile ni darubini ya kawaida iliyoelekezwa juani. Vivyo hivyo Quark ya DayStar, kifaa kinachochomekwa nyuma ya darubini ya kawaida na kukuonyesha Jua kwa mwanga mwekundu wa haidrojeni peke yake. Ni kizuri, kina uwezo wa kukuza mara 4.3 ndani yake, ila kinahitaji umeme na dakika kadhaa za kupasha moto kabla hakijatulia, na kikitolewa tunarudi kule kule. Nikaviacha vyote viwili. Havina kasoro, ila vimekusudiwa mtu mmoja mwangalifu, na mimi nina umati.

Zile darubini mpya za kamera zilinisumbua zaidi kuzikataa. Seestar S50, iliyotoka mwaka 2023, inakuja na kichujio chake cha Jua, inalifuata Jua yenyewe, na picha huiona kwenye simu. Hakuna pa kuweka jicho, kwa hiyo hakuna jicho la kuungua. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi sana na msaidizi hana, naona achukue hiyo, hata kama inaonyesha madoa tu na si ndimi za gesi zinazosimama ukingoni mwa Jua. Mimi nilibaki na hamu moja ambayo siwezi kuitetea kwa hesabu: nilitaka mwanga wenyewe uliosafiri dakika nane na sekunde ishirini uingie kwenye jicho la mtoto wa Tanga. Wanafunzi wangu wanaona picha za angani kwenye simu kila siku na hawashtuki. Wakichungulia wenyewe hushtuka.

Ikabaki darubini ya haidrojeni-alfa, na hapa ndipo niliposoma sana. Juu ya ule uso mweupe tunaouona kuna tabaka jembamba linaloitwa kromosfia. Humo atomu za haidrojeni hutoa na kufyonza mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.28. Tabaka hilo liko pale kila siku, lakini mwanga wa uso ulio chini yake hulifunika kabisa, na kwa jicho tupu hujitokeza kwa muda mfupi tu wakati wa kupatwa kikamilifu. Ukiweza kuuzuia mwanga wote wa Jua na kuacha ule mstari mwembamba mwekundu peke yake, kromosfia inafunguka. Kazi hiyo hufanywa na etaloni, kifaa walichokibuni Wafaransa wawili, Charles Fabry na Alfred Pérot, mwishoni mwa karne ya 19. Ni vioo viwili vilivyosawazishwa kwa ustadi mkubwa, vikiwa sambamba na pengo dogo kati yao, na nyuso zao zinaakisi kiasi. Mwanga ukiingia katikati hurudi huku na huku mara nyingi, na mawimbi yanayolingana na pengo lile tu ndiyo yanayotoka. Etaloni peke yake haitoshi, kwa kuwa huacha mistari mingi ipite kwa mpigo. Ndiyo maana nyuma yake huwekwa kichujio cha kuzuia, kinachochagua mstari mmoja na kuzima mingine, na pamoja navyo huwekwa vichujio vya kukata joto na urujuanimno. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyolinda jicho.

Kwa miaka mingi vifaa hivi vilikuwa vya vituo vya utafiti na vya matajiri. Mwaka 2004 kampuni ya Coronado ilitoa darubini ndogo ya milimita 40 iitwayo PST kwa dola 499 za Marekani, na watu wa kawaida wakaanza kuziona ndimi za Jua kutoka uani kwao. Mwanzilishi wa Coronado alikuwa David Lunt, na jina hilo la ukoo ndilo lililoko leo kwenye darubini za Lunt za Tucson, Arizona. Yetu ni ya huko.

Nilipolinganisha vipimo, kulikuwa na namba mbili zilizogombana. Moja ni kipenyo cha lenzi, nyingine ni upana wa mstari wa mwanga unaoruhusiwa kupita, ambao hupimwa kwa angstromu, yaani sehemu ya kumi ya nanomita. Darubini inayopitisha angstromu moja hukuonyesha ndimi zilizosimama ukingoni vizuri kabisa, lakini uso hubaki hafifu. Ukishuka hadi 0.7 uso huanza kuonyesha nyuzi nyeusi na maeneo yanayong'aa. Ukipanga etaloni mbili moja juu ya nyingine unashuka chini ya 0.5, uso hujaa michirizi, na bei hupaa vilevile. Kipenyo kikubwa, kwa upande wake, hukupa vitu vidogo zaidi. Hapo nilikaa na karatasi na kalamu. Lenzi ya milimita 50 katika mwanga huo mwekundu inaweza kutenganisha vitu vyenye upana wa kilomita 2,400 hivi juu ya Jua. Lenzi ya milimita 100 ingefika nusu ya hapo, kama hewa ingeiruhusu, na hewa ya mchana ya pwani mara nyingi hairuhusu. Ardhi ikishapata moto, ukingo wa Jua huchemka kama uji, na hakuna lenzi inayoweza kuutuliza. Kwa hiyo nilichagua kipenyo kidogo na mstari mwembamba, chini kidogo ya angstromu 0.75, badala ya kutumia fedha zile zile kutafuta kipenyo ambacho anga letu lingekitumia siku chache kwa mwaka.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa herufi na namba tu, nalo lina uzito kwa shule: ukubwa wa kichujio cha kuzuia. Ili kujua picha ya Jua itakuwa na upana gani ndani ya darubini, gawanya umbali wa fokasi, yaani kutoka kwenye lenzi hadi picha inapokusanyika, kwa 109. Yetu ina milimita 350, kwa hiyo picha ni milimita 3.2. Kichujio cha milimita 4 kingelipitisha Jua zima, lakini kwa nafasi finyu, na mtoto anayechungulia kwa mara ya kwanza haweki jicho katikati. Tuliongeza fedha tukachukua cha milimita 6. Wapo walionishauri kwamba huo ni ubadhirifu. Ningelazimika kupunguza mahali pengine popote, hapo nisingepunguza, maana mtoto akichungulia akaona giza huondoka akiamini kosa ni lake.

Na hapo hapo pana hatari ambayo lazima niiseme. Katika darubini nyingi za aina hii, kichujio cha kuzuia kimo ndani ya kile kipande cha nyuma kilichopinda, kinachoupeleka mwanga juu kwenye lenzi ya jicho. Kipande hicho hufungwa kwa skrubu ya kukaza kwa vidole. Mtu anaweza kukitoa na kuweka kingine kinachofanana nacho, kisicho na kichujio chochote ndani, halafu akainama kutazama. Maana yake ni kwamba hata darubini iliyozaliwa kwa ajili ya Jua ina mlango mmoja ulio wazi. Wa kwetu niliufunga: skrubu imetiwa gundi, imezungushiwa utepe mwekundu, na vipande vyote vya darubini ya kawaida havitoki kabatini siku ya Jua. Anayependa amani ya moyo kuliko ubora wa picha afikirie zile ndogo ambazo vichujio vyake vyote vimefungiwa ndani ya mwili mmoja.

Za mitumba nilizitafuta pia. Bei yake hushawishi. Tatizo ni kwamba vichujio vya darubini hizi huzeeka. Baadhi hupata ukungu na madoa yanayofanana na kutu, picha inafifia mwaka hadi mwaka na mwenyewe anadhani Jua limepoa. Muuzaji mmoja alinitumia picha nzuri za bomba la nje, linang'aa. Nikamwomba apige picha ya kila kichujio kikiwa na taa nyuma yake. Akasema haiwezekani, kisha akapunguza bei. Tukaagana. Ya mtumba inaweza kuwa nzuri sana kama mwenyewe anakubali kuonyesha ndani yake, na kama vipuri vyake bado vinapatikana.

Ilipofika, jambo la kwanza kujifunza lilikuwa kuiweka sawa. Yetu ina kipande cha kuzungusha kinachobadilisha mgandamizo wa hewa iliyofungiwa kwenye chumba cha etaloni. Hewa ikibanwa, mstari unaopita husogea kidogo sana, na kwa kusogeza hivyo unaweza kuzifuata gesi zinazotujia au zinazotukimbia. Wanafunzi wa kidato cha nne walilielewa suala la Dopla, yaani wimbi kubadilika urefu chanzo chake kinaposogea, kwa vidole vyao kabla sijaandika mlinganyo ubaoni. Jambo la pili lilikuwa giza. Picha ya haidrojeni ni nyekundu na hafifu, na mtu anayetoka kwenye mwanga wa uwanja haoni kitu mpaka jicho litulie. Watu wa nje hutumia shuka jeusi. Sisi tunatumia kaniki. Mtoto hujifunika kichwa na darubini pamoja, anahesabu hadi thelathini, kisha ndipo aanze kutafuta. Tangu tuanze kufanya hivyo, wanaoondoka wakisema "sijaona kitu" wamekuwa wachache sana.

Wanaoona hupiga kelele. Ukingoni mwa duara husimama ndimi za gesi, nyingine zimejikunja upinde, nyingine zimekatika na kuning'inia. Nawapa kipimo: Jua lina upana wa Dunia 109, basi kadirieni ulimi ule ni Dunia ngapi. Binti mmoja, mpole ambaye darasani hanyanyui mkono, alitoka chini ya kaniki akaniambia, "Mwalimu, ule wa kushoto ni Dunia sita, na haukuwa hivyo kabla ya mapumziko." Nilikwenda kutazama. Alikuwa sahihi, ulikuwa umenyanyuka na sehemu yake ya juu imeshaachana na ya chini. Nyuzi nyeusi zinazoonekana katikati ya uso ni vitu vile vile, ila tunavitazama kwa juu vikiwa mbele ya mwanga mkali zaidi. Aliyegundua hilo mwenyewe, kwa kuufuata uzi mmoja kutoka katikati hadi ukingoni siku baada ya siku, alinipa furaha ambayo siwezi kuieleza kwa maneno ya kiofisi.

Stendi ilihitaji kufikiriwa kuliko nilivyotarajia, na vitabu vingi havisaidii kwa sababu vimeandikwa na watu wa kaskazini ambao Jua lao halifiki utosini. Hapa Tanga, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri Jua liko juu ya kichwa kabisa. Stendi za ikweta, zinazosifiwa kwa kufuata nyota, nyingi haziwezi kuinamishwa hadi nyuzi 5 za latitudo yetu, na hata zikiweza, uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa tripodi. Tulichukua stendi rahisi ya kupanda na kuzunguka, yenye vifundo viwili vya kusogeza polepole. Jua huhama upana wake mzima kwa dakika mbili, kwa hiyo mwanafunzi mmoja kazi yake ni vifundo tu, na ni kazi inayogombaniwa. Kulenga tunalenga kwa kivuli: kivuli cha bomba kikiwa kifupi kuliko vyote, Jua limeingia. Saa nzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, juu ya nyasi, mbali na saruji na mabati. Saa sita hatutazami ila kama kuna jambo maalumu.

Unyevu wa pwani ni adui wa taratibu. Darubini inalala kwenye boksi linalofungika vizuri pamoja na vifuko vya silika, navyo tunavikausha kwenye oveni mara kwa mara. Etaloni haifunguliwi na mtu yeyote, nikiwemo mimi.

Sasa kuhusu Agosti 2027. Kupatwa kikamilifu kutapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Luxor, Misri, giza litazidi dakika sita. Kwetu Jua litapatwa sehemu, baada ya adhuhuri, siku ya Jumatatu. Mzee mmoja wa msikiti wa jirani alikuja shuleni, tukaamkiana, akaniuliza saa zenyewe ili wapange swala ya kupatwa. Kisha akaomba kuchungulia. Nikamfunika kaniki, akakaa kimya muda mrefu, akatoka akisema, "Subhanallah, mwalimu, na hili tunaanikia nguo kila siku." Nilimweleza nilichojifunza Rujewa, Mbarali, nilikosafiri tarehe 1 Septemba 2016 kutazama kupatwa kipete: Jua likibaki hata pete nyembamba, kichujio hakiondolewi hata kwa sekunde moja. Kwa Tanga mwaka 2027 sheria ni hiyo hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kichujio si filamu ya eksirei, si beseni la maji, si kioo kilichopakwa masizi.

Kamati ya wazazi imeniuliza kama fedha zilizobaki zinunue etaloni ya pili, ili uso wa Jua uonekane kwa undani zaidi. Natamani. Nimewajibu hapana kwa sasa. Darubini moja katika saa mbili na ushei za kupatwa inaweza kuhudumia watu wachache, na mtaa mzima utakuwa nje ukitazama juu. Fedha hizo zitaagiza miwani yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha vichujio vya kutazamia Jua kwa macho, tukiagiza mapema kabla bandia hazijajaa sokoni, na kila mwanafunzi atakwenda nayo nyumbani pamoja na maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwa ajili ya bibi na wadogo zake: miwani hii ni ya macho tu, haivaliwi kuchungulia kwenye darubini wala kamera, maana lenzi itaichoma. Maelezo hayo wameshaanza kuyaandika.